Njia ya Chakula Nimeiona kwa Macho

Mama Sekela, mke wangu,

Ugonile? Na watoto wameamka salama? Kwenye simu nakuuliza hivyohivyo kila Jumapili, unanijibu mko wazima, nami najibu niko mzima. Wewe ulikuwa unasema kweli. Mimi nilikudanganya, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu, kwa sababu nikisikia sauti yako nitadanganya tena. Barua hii nimempa dereva wa lori anayepita mpakani Kasumulu.

Ile miezi miwili niliyosema kazi imenipeleka mahali pasipo na mtandao, nilikuwa nimelazwa hospitali, hapahapa Johannesburg. Utumbo ulijisokota. Sikula kibaya, wala hakuna aliyenifanyia kitu, kwa hiyo asitokee mtu huko akaanza kutaja majina. Ulijisokota tu, kipande kikafa, daktari akakikata. Ncha iliyobaki akaitoa nje, upande wa kulia chini ya kitovu, na juu yake nabandika mfuko. Choo changu kinatokea hapo. Huenda baadaye wataurudisha utumbo ndani, huenda wasiurudishe.

Pumzika kidogo kabla hujaendelea kusoma. Mimi nililia siku tatu.

Nesi alinichorea njia ya chakula nyuma ya karatasi ya dawa. Mdomoni kinatafunwa, tumboni kinavurugwa na maji makali mpaka kinakuwa uji, halafu utumbo mwembamba unanyonya nguvu yake taratibu, na utumbo mpana unamalizia kukausha maji. Changu hakifiki kwenye huo mpana, kwa hiyo kinatoka majimaji na kiu haiishi. Unanijua nilivyo mdadisi. Nikaanza kuangalia saa. Ninachokula mchana nakiona kabla jua halijazama. Mahindi ya kuchemsha yanatoka mazima, kana kwamba yalikuwa matembezini tu. Maganda ya nyanya nayo vilevile. Miaka yote hiyo nimekula mahindi nikidhani nashiba.

Kisha yule nesi akaniandikia vyakula vya kuufanya uji huo uwe mzito. Cha kwanza wali, cha pili ndizi. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Mtu wa Kyela anaandikiwa kwenye karatasi ale wali na ndizi.

Tangu siku hiyo nyumbani kumenijaa kichwani. Wali wa hapa haunukii. Nakumbuka mchele mpya wa Bujonde, ukiubandika tu jirani anajua bila kuambiwa. Nakumbuka ndizi zako na dagaa wa ziwani, sufuria limefunikwa kwa jani la mgomba. Nakumbuka mwaka tuliooana, tukipasua kakao shambani na kufyonza ule utamu mweupe, nikameza mbegu moja, ukaniambia itaota tumboni na utaivuna wewe. Nimekukumbuka sana, mke wangu.

Kinachonitesa kuliko kidonda ni kula na watu. Hiki kitu kina sauti, tena hakina adabu, hakisubiri wageni waondoke. Na kwetu wanaume wanakula sinia moja, anayejifungia na sahani yake huulizwa ana nini. Nikawa najifungia. Gwamaka, mtu wa Karonga tunayepanga naye nyumba, akavumilia wiki kadhaa, kisha siku moja akafungua mlango wangu na sufuria la wali mkononi, akaketi sakafuni.

"Gwe, mbona unakula kama mwizi?"

Nikanawa. Tonge la tatu, mfuko ukaunguruma. Nikatoa mkono kwenye sufuria. Yeye aliendelea kutafuna.

"Na tumbo langu huwa linasema," akaniambia, "ila langu linaninong'oneza. Kula, mboga inapoa."

Tulimaliza sufuria lote. Kesho yake nikanunua karatasi hii.

Ndaga fijo kwa kulea watoto peke yako. Mbusu Sekela na mdogo wake. Msalimie kaka yako mvuvi, mwambie begi lake ninalo bado. Mama yako mpe heshima zangu zote, ila habari za choo cha mkwe wake umfichie. Mama yangu kule Matema usimwambie lolote, nitamwambia mwenyewe.

Nitavuka daraja la Kasumulu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, asubuhi. Ukiona huwezi kuishi na mwili huu, usije kunipokea, wala usinieleze sababu. Nitapanda gari la Matema nikakae kwa mama, watoto watanikuta huko, na sitakulaumu. Ukiona unaweza, nikukute upande wetu wa daraja.

Nakuomba uje.

Mumeo,
Baba Sekela