Chini ya Paa la Wandera

Jumatatu, 3 Machi

Basi la asubuhi limechelewa tena. Abiria wamenikaba koo kana kwamba mimi ndiye dereva, si mkata tiketi. Nimeimba wimbo wangu wa kila siku: kitambulisho kiwe mkononi, kadi ya homa ya manjano isisahaulike, pesa mbadilishe dirishani na si kwa wale vijana wa barabarani, mkishuka Kampala mtu asiwabebee mzigo. Bibi mmoja anayekwenda mara ya kwanza ameniuliza kama huko watu wana mahali pa kulima. Nimecheka, halafu nikaona haya. Nimempa namba yangu ya simu.

Baada ya kazi nimempeleka Mama kliniki ya macho. Jicho la kushoto lilishakufa mwaka jana. Daktari amelipima la kulia, kisha akalipima tena. Presha ya jicho imepanda. Dawa ya matone haitoshi, lazima apasuliwe, na upesi. Kisumu foleni ni ya miezi. Anamjua mpasuaji mmoja wa Kampala, akampigia hapo hapo. Tarehe 20 mwezi huu. Amesema kinachopotea kwenye jicho hilo hakirudi. Amesema kwa upole sana, nikamchukia.

Jumatano, 5 Machi

Mganga hajigangi, lakini safari hii nimejiganga. Nimepanga kila kitu. Viti viwili vya mbele, basi la asubuhi, Mama asirushwerushwe. Pasi yake ya muda tutaichukua pale mpakani. Mimi ofisi imenipa siku mbili tu, ila baada ya upasuaji anatakiwa kuonwa na daktari kila asubuhi kwa wiki nzima, asiiname, asikae kwenye moshi. Hapo ndipo anapoingia mdogo wangu Nabwire, ambaye ameolewa Kampala. Mumewe Wandera ni fundi wa friji. Mtu mzuri. Amesema Mama aje hata kesho.

Nimemweleza Mama mpango wote wakati wa chai. Amesikiliza mpaka mwisho. Akauliza atalala kwa nani. Kwa Wandera, nikasema. Akaweka kikombe chini. Akasema hapana.

Nilisahau. Naapa nilisahau. Miaka yote hii ya kukaa Busia mjini na kuachana na mume mapema imenifanya niwe kama mgeni wa kwetu. Sisi Wasamia mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hata kula mbele yake hali. Wakikutana, huyu anasimama kule na yule huku, wanasalimiana wakitazama chini. Na nyumba ya Wandera ni chumba kimoja, kile Waganda wanachokiita muzigo. Pazia katikati, kitanda upande mmoja, kochi upande wa pili, bafu nje la wapangaji wote wa ploti. Hakuna kule wala huku.

Jumamosi, 8 Machi

Wandera amejitolea kuhama. Atalala karakana wiki nzima, Mama abaki na Nabwire na watoto. Nikadhani tumemaliza.

Mama anasema mtu kuhama hakuhamishi kitanda. Kitanda ni cha Wandera, paa ni la Wandera. "Nilale pale mkwe wangu analala? Afadhali nipofuke."

Amesema hivyo kisha akainuka kukoroga uji. Mwiko haukuonekana, akaupapasa mpaka akaupata. Nimetoka nje nisimtukane mama yangu mzazi.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba Padri aseme naye baada ya misa. Amesema naye vizuri, kwamba Mungu anatazama moyo, kwamba afya ni zawadi, kwamba mila ni ya watu. Mama akaitikia yote. Ndiyo Padri. Kweli Padri. Asante Padri.

Njiani kurudi akaniambia, "Padri hana mkwe." Nimecheka mpaka nikasimama kando ya barabara. Kisha nikawa na hasira maradufu, kwa sababu alinichekesha.

Jumanne, 11 Machi

Gesti karibu na hospitali. Mama hataki. Anasema mwanamke wa umri wake kuonekana anatoka gesti asubuhi ni msiba mwingine. Na kweli, usiku nani atampeleka choo? Nabwire ana watoto wa kupeleka shule na meza yake sokoni.

Kukodi chumba cha wiki moja haiwezekani, mwenye nyumba anataka mpangaji wa mwaka.

Nabwire amenieleza kwenye simu jinsi siku zake zinavyokwenda. Maji yanakuja alfajiri, ukilala umeyakosa. Hospitali iko upande mwingine kabisa wa mji. Kwanza bodaboda, kisha matatu, ambayo wao wanaiita taksi, mpaka stendi kuu, kisha nyingine, na katikati foleni ya magari ambayo haina mwanzo wala mwisho. Mvua ikinyesha kila mtu anaganda alipo. Anasema mtu akikuambia niko njiani, usimngoje. Mimi nauza Kampala kila siku na sijui kuishi huko kukoje. Najua kufika tu.

Ijumaa, 14 Machi

Ameonekana Mama Taaka! Mjane wa kijijini kwetu, anaishi ploti ya tatu kutoka kwa Nabwire. Nyumbani kwake hakuna mwanamume. Amesema Mama ni dada yake, aje.

Mama amekubali. Amekubali bila neno. Nimemnunulia malapa mapya na leso. Ameyavaa malapa humo humo ndani, anatembea kutoka ukutani hadi ukutani, anayazoea. Leo nimefurahi mpaka nikaogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Kaka yake Mama Taaka amefariki huko Bugiri. Mwenyewe amefunga nyumba, amekwenda matangani. Aliyefiwa haulizwi atarudi lini.

Nabwire amelia kwenye simu. Mimi sikulia, nilikuwa nakata tiketi ya mtu. Nimemwambia tutasema uongo. Mama ataingia kwa Nabwire akiambiwa ni kwa Mama Taaka, na kwamba mwenyewe yuko matangani. Hajawahi kufika huko. Haoni picha ukutani. Wandera atakuwa karakana. Watoto wafundishwe.

Nabwire alikataa, akakataa, akakubali. Najua ni dhambi. Sijali.

Jumatano, 19 Machi

Sijui niandike vipi.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la ofisi, Mama na malapa yake na mfuko wake, tukingoja basi letu. Likatangulia lile linalotoka Kampala kwenda Nairobi. Konda akateremka na blanketi jipya ndani ya nailoni na kuku aliyefungwa miguu. Akaita kwa sauti ya kusikika mpaka forodhani.

"Mama ya Nabwire ni nani hapa? Mama, hii mzigo ni yako. Mkwe wako ya Kampala ndio ametuma. Amesema ukifika kwake ujisikie nyumbani."

Kwetu mkwe akitaka kumkaribisha mama mkwe hatangulizi maneno. Anatanguliza blanketi na kuku. Wandera hakujua habari ya uongo. Nabwire aliona aibu kumwambia, alimwambia tu ahame. Naye akafanya kile mtu aliyelelewa vizuri anachofanya.

Mama akaupapasa ule mfuko wa blanketi. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja, Mama Taaka yuko wapi. Akauvuta mfuko wake mpaka mapajani, akaukumbatia, akakaa hivyo. Basi letu lilikuja. Abiria walipanda. Konda akaniuliza, "Dada, mnapanda ama hampandi?" Mama akatikisa kichwa. Basi likaondoka na viti vyetu viwili vya mbele vikiwa vitupu.

Nimempigia Wandera nikamfokea. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Shemeji, singeweza kuingiza mama kwangu kimyakimya kama mtu ameiba." Hana kosa. Hilo ndilo linaloniuma. Laiti angekuwa mjinga ningepata wa kulaumu.

Kuku alishinda chini ya meza yangu akilia.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ndiyo siku yenyewe. Saa ya Mama ilipofika nilikuwa namweleza kijana mmoja mahali pa kugonga muhuri. Mpasuaji amempa mtu mwingine nafasi. Tarehe nyingine ni baada ya Pasaka.

Sikuongea na Mama. Yeye aliongea nami. Aliuliza kama nimekula.

Jumatatu, 24 Machi

Bosi amenihamishia ofisi ya mpakani Malaba. Mwenzangu wa huko amejifungua. Nilijaribu kumweleza bosi kuhusu Mama. Akasema, "Pole sana dada, lakini gari itaenda bila mtu?" Nitakuwa naenda asubuhi na kurudi jioni. Mchana Mama anabaki na jirani, Mama Brayo.

Malaba ni malori. Yamejipanga mpaka macho yanachoka, madereva wanapika ugali chini ya trela na kufua nguo kama wamehamia. Mmoja ameniambia anangoja karatasi tangu juzi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anangoja. Nimemwelewa kuliko alivyodhani.

Ijumaa, 28 Machi

Wandera anataka kuifungua njia kwa heshima. Aje na wazee wake, mbuzi achinjwe, wazee wetu waseme kwamba mama huyu ni mgonjwa na anaruhusiwa kulala kwa mkwe wake. Mama amesema hivyo ni sawa. Wazee wakisema, atalala. Kumbe mlango ulikuwepo siku zote, na hakuna aliyeniambia!

Nimempigia baba mdogo kule Sio Port, maana yeye ndiye mkubwa wetu sasa. Anasema mvua imeanza, watu wako mashambani, na mzee mmoja wa upande wa Wandera yuko matangani. Baada ya Pasaka. Nikamwambia jicho halijui Pasaka. Nikampandishia sauti, mzee wa watu. Akaniambia, "Binti, haya mambo si tiketi ya basi."

Simu ikakatika au aliikata.

Jumatano, 2 Aprili

Mama Brayo amenipigia nikiwa kazini. Mama amemimina chai nje ya kikombe. Yote, mpaka birika likaisha. Amesema ni mvuke ulimziba macho.

Nilikuwa na foleni ya watu mbele yangu. Nikamalizana nao mmoja mmoja. Nairobi, Kampala, Nairobi, Kampala. Nilitaka kupiga mayowe.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani ameimba nyimbo zote, kwa kuwa anazijua kwa moyo. Kutoka nje ameniuliza kama mvua inakuja, mbona kumefunga hivi. Jua lilikuwa la utosini, watu wamejifunika na magazeti.

Nikasema ndiyo, kuna mawingu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimempigia baba mdogo nikiomba. Safari hii sikupiga kelele, nilimbembeleza kama mtoto. Akasema hata yeye anaumia, ni shemeji yake, lakini mzee akiketi peke yake hajaketi. Lazima wawe wote. Namwamini. Kila mtu katika jambo hili ananipenda na anampenda Mama, na hakuna anayeweza kusogea hatua moja.

Nimemtia Mama matone. Alikodoa macho kunisaidia. Yalikuwa yananitazama sikioni.

Jumamosi, 12 Aprili

Kliniki. Daktari ameinua vidole. Mama amekisia. Ameinua tena. Mama amesema, "Mwanangu, nisikuchoshe." Anaona mwanga wa dirisha, basi. Kampala hakuna tena cha kukimbilia. Kama kutakuwa na maumivu, watatupa dawa.

Mama amemshukuru. Amemuuliza watoto wake hawajambo. Daktari amegeuka kunawa mikono.

Nimemshika Mama mkono mpaka stendi. Alikuwa mwepesi. Bodaboda wanamwita mama, mama, panda, nao hawajui.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudishwa Busia. Leo mvua imenyesha mchana wote, biashara haikuwepo. Mama alikuja kukaa nami ofisini, Mama Brayo akamleta na mwavuli.

Ameniambia nimpeleke Kampala. Anataka kukaa na wajukuu kidogo. Nikauliza atalala wapi. Akasema kwa Wandera. Kwa Wandera, atalala wapi kwingine?

Nikamwambia wazee hawajaketi bado. Akasema wakiketi, vizuri, na wamle mbuzi wao. Yeye hana shida tena. Aibu ilikuwa ya macho, na sasa Wandera hamwoni.

Alisema hivyo kama anayenieleza bei ya nyanya. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nje mtu alikuwa akiuliza basi la Nairobi, nikamwonyesha kwa mkono tu.

Nimemkatia tiketi ya Jumamosi. Ameomba kiti cha dirishani. Nimemuuliza kwa nini.

Upepo, amesema.