Miche ya Yamna na Shemeji Anayesema Ardhi Imemkataa

"Kifi haioti mikononi mwa mwanamke wa mjini. Ardhi ya milimani inamjua mtu wake, na asiye wake inamkataa."

Maneno hayo ni ya mwanamume mmoja wa huku Ketama, milimani kaskazini mwa Moroko, mkulima wa kifi, yaani bangi, ya kibali cha serikali, na nimeyakuta ndani ya barua ambayo shemeji yake ameliandikia gazeti hili. Nilitaka kuyacheka, hasira ikatangulia. Ardhi hiyo hiyo anayoisema imeotesha mbegu za kigeni zinazokunywa chemchemi zetu mpaka tope, na haikuuliza hata moja kwao ni wapi. Imezikubali mbegu zilizoletwa kwa lori, halafu imkatae mjane aliyeipalilia kwa mikono yake tangu aolewe? Isomeni barua kwanza. Nimeipunguza kidogo tu.

*

Kwako mshauri, nakusalimu kwa heshima, na unisamehe nikichanganya mambo kwa sababu sijui nianzie wapi, mimi naitwa Yamna, kwetu Fez, niliolewa huku na marehemu Allal, Mungu amrehemu, aliyefariki majira ya baridi yaliyopita, na alipofariki ushirika wa wakulima ukaliandika shamba lake la ngazi zilizochongwa mlimani kwa jina langu pamoja na kibali chake, sharti likiwa moja tu, kwamba msimu huu lipandwe na miche ionekane, na afisa wao anakuja kukagua mwisho wa mwezi, akikuta shamba tupu litachukuliwa apewe mwanachama mwingine, na mwanachama huyo wote tunamjua, ni Haddou, kaka wa marehemu, ambaye ameshasema mbele ya watu kwamba yeye yuko tayari "kunipunguzia mzigo".

Sasa mimi sijawahi kupanda kifi, mshauri, wakati wa Allal nilipalilia na kuvuna kama wanawake wote lakini kupanda alipanda yeye, na mbegu aliyoacha ni ya kienyeji, ya baba yake, katika mfuko wa ngozi, nikakuta panya wameila nyingi imebaki kidogo, nikaogopa kuimwaga shambani ndege wakamalizia, nikasema bora niioteshe nyumbani kama tulivyokuwa tunaotesha rihani kule Fez, nikachukua makopo ya mafuta ya zeituni, nikayajaza samadi kutoka banda la mbuzi, ile nyeusi nzuri ya juu kabisa, nikachanganya na udongo kidogo, nikapanda nusu yake, nyingine nikaiacha mfukoni, makopo nikayaweka juu ya paa karibu na benchi tunapokunywa chai, na nikawa nayamwagilia asubuhi na jioni bila kukosa, na usiku nayafunika nailoni yasipigwe baridi, na mama mkwe wangu, Mama Fettouma, ambaye ananipenda kama mwanawe, kila tukimaliza chai anayamwagia masalio ya birika, majani na nanaa na sukari yake, anasema, "Kunyweni wanangu, mpate nguvu," kama sisi tulivyofanya siku zote kwa maua.

Iliota vizuri, wallahi, nilifurahi mpaka nikalia, halafu majani yakaanza kugeuka njano, ncha zake zikakauka kama zimeunguzwa na moto, na vijidudu vyeusi kama vumbi vinaruka nikigusa kopo, na sasa kila asubuhi nakuta miche mingine imelala, shina limekuwa jembamba chini kama uzi, jana ilikuwa imesimama, leo imelala, na mimi najiona kama nazika watoto.

Nilimwita Haddou aje aone kwa sababu yeye amepanda mbegu hii hii tangu ana nguvu za kushika jembe, akaja, akakaa pale kwenye benchi, akanywa chai, akayaangalia makopo muda mrefu, nikamuuliza, "Shemeji, haya yana nini?"

Akasema, "Yana kiu, bibie. Mwagilia. Mwagilia zaidi."

Nikasema, "Lakini udongo bado umelowa, shemeji."

Akasema, "Wewe umeniita nikufundishe au unifundishe? Huko kwenu Fez maji yanatoka ukutani, huku mmea unalilia maji."

Nikazidisha maji, yakazidi kufa, nikamwita tena, ndipo akasema hayo ya ardhi kumkataa mwanamke wa mjini, Mama Fettouma akamwambia, "Haddou, mwanangu, ogopa Mungu, huyu ni mke wa ndugu yako," akamjibu, "Mama, mimi nasema ninachokiona. Makopo yenyewe yanasema."

Na hata majirani wananicheka, kuna mmoja, Tamimount, tuna ngazi za shamba zinazopakana na hatusemezani tangu kuku wake walipoingia bustanini kwangu, juzi alipita chini akainua kichwa akanipigia kelele watu wote wakasikia, "Ewe bibi wa mjini, hapo juu unapanda kifi au unafuga vyura?" nikaingia ndani nikajifungia. Nifanye nini mshauri, nimwachie Haddou shamba kwa heshima kabla sijanyang'anywa kwa aibu, au kweli ardhi imenikataa? Nikiondoka hapa nitakuwa mgeni katika nyumba ya mume wangu, nitakula kwa kuomba. Nisaidie.

*

Yamna, pole kwa msiba. Na pole hiyo naitoa moyoni. Sasa kaa kwenye hilo benchi lako nikugombeze.

Ardhi haijakukataa, kwa sababu miche yako haijaiona ardhi. Imeona kopo la bati lililojaa mavi ya mbuzi mabichi, likatiwa maji kutwa mara mbili, likatiwa chai ya sukari juu yake, likafunikwa nailoni usiku lisipumue. Hapo hata mwiba ungekufa. Hujaniambia kama makopo hayo uliyatoboa chini, na kwa kuwa umenieleza mpaka mfuko wa mbegu ni wa ngozi, nachukulia kwamba hukutoboa. Maji yanaingia, hayana pa kutokea. Mizizi inakaa ndani ya maji kama mtu aliyefungwa kisimani. Majani yanageuka njano kwa sababu mizizi haipati hewa. Ncha zinaungua kwa ukali wa samadi mbichi. Vijidudu vimefuata uozo, na sukari ya Mama Fettouma imeviandalia karamu. Shina linalokuwa uzi na kulala ni ukungu, na ukungu umelelewa na nyinyi wawili kwa mapenzi makubwa.

Rihani ya Fez ilivumilia chai yenu kwa sababu ilikuwa imeshakomaa na ilikaa kwenye chungu chenye tundu. Mche wa kifi wenye majani mawili si rihani. Na mbegu uliyoachiwa, ya baba mkwe wako, imezoea mteremko mkavu, mawe na mvua inayokuja ikitaka. Mbegu za kigeni ndizo zinazolia mpira wa maji kutwa nzima. Hii ukiibembeleza sana inakufa.

Mama Fettouma mwambie taratibu, hana kosa zaidi ya upendo. Mwambie chai yote ainywe yeye.

Sasa lile linalonichemsha damu. Haddou. Mtu aliyepanda mbegu hii tangu aliposhika jembe, ambaye anajua kwamba wazee wake hawakuwahi kuibebea ndoo ya maji, alikaa mbele ya makopo yaliyofurika, akayaangalia muda mrefu, wewe mwenyewe umeandika hivyo, ukamwambia udongo umelowa, naye akakwambia uzidishe maji. Mambo ni mawili. Ama hajui kifi, na miaka yote hiyo amekuwa akivuna jasho la wanawake wanaopalilia nyuma yake, na basi asifungue mdomo kuhusu nani ardhi inamjua. Ama anajua, na alikudanganya akitaka miche ife kabla ya afisa kufika. Sijui ni lipi. Mimi sikuwepo kwenye benchi. Lakini katika yote mawili huyo si mtu wa kumwuliza tena chochote, hata saa ngapi.

Na hapa nakulaumu wewe. Katika kijiji kizima ulimchagua kumwuliza mtu mmoja ambaye hasara yako ni faida yake, ukamwuliza mara mbili. Kwa nini? Kwa sababu ni mwanamume na anakohoa kabla ya kusema? Tamimount alikupa jibu sahihi bure, kwa sauti ya kusikika bonde zima. Unafuga vyura. Alikuwa anakuambia maji yamezidi. Wewe ukasikia matusi kwa sababu ya kuku. Ni kweli alikutukana, lakini kati ya wote uliowaandika humu, yeye peke yake amesema kweli kuhusu makopo yako.

Fanya hivi, leo, kabla hujapika. Ng'oa mche mmoja uliolala uangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia, inateleza na inanuka, hiyo imekwisha, na iliyolala yote itupe pamoja na udongo wake mbali na paa, usiirudishe bandani. Kisha chomoa kwa uangalifu mmoja uliosimama. Mizizi yake ikiwa myeupe, mche huo unaishi, na wewe una kazi ya kuuokoa. Chukua msumari, toboa makopo chini matundu mengi, yasugue kwa maji ya moto, yajaze udongo wa shamba lenyewe uliochanganywa na changarawe na mchanga. Samadi usitie hata punje. Hamishia humo miche iliyosimama, ukiishika kwa majani, shina usiliminye. Tia maji kidogo mara moja ishike, kisha acha. Usimwagilie tena mpaka uingize kidole na ukute pakavu ndani, na ulinyanyue kopo ulione jepesi. Nailoni ipeleke jikoni. Asubuhi miche ipate jua na upepo. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayatarudi kijani, usiyalilie. Tazama yanayochipuka katikati. Yakija kijani, umeshinda.

Mbegu iliyobaki mfukoni usiioteshe tena nyumbani. Nenda kwa Tamimount. Usipeleke maneno ya kuku, peleka mkate wa moto, umwambie, "Vyura wamekufa, nifundishe." Atakucheka. Mwache acheke mpaka amalize. Kisha mpande pamoja kwenye ngazi yako, mkifukia mbegu kwa jembe dogo ndege wasiione, mara tu mvua ijayo itakapolainisha udongo. Bado msimu haujapita. Afisa anataka kuona miche shambani, na katika yote uliyoandika sijaona sharti la miche mirefu. Iliyopona ihamishie huko mizizi ikishajaza kopo, na mingine itakuwa imechomoza yenyewe.

Shamba usimwachie mtu kwa heshima. Heshima gani hiyo ya kutoa kilicho chako ili aliyekupotosha asione aibu? Kibali kina jina lako. Afisa akija, simama wewe kwenye ngazi ya juu, ujibu wewe. Haddou akitaka kukusemea, mwambie mbele ya afisa, "Shemeji, hebu rudia ulivyonishauri kuhusu maji." Ukishasema hivyo, nyamaza, umwache ajibu.

Na nyinyi wanachama wa ushirika huo, ambao najua gazeti hili mnalisoma kwenye mkahawa karibu na soko mkipokezana, nazungumza nanyi waziwazi. Mnajua mbegu ya kienyeji haitaki maji. Mnapita chini ya paa hilo kila siku. Hakuna hata mmoja wenu aliyepanda hadi paani kumwambia mke wa Allal atoboe makopo, na Allal mlimbeba mabegani mwenu kwenda kumzika. Siku ya mkutano wenu, mwenyekiti akiuliza nani alichukue shamba la Yamna, mikono yenu yote ibaki mapajani. Na wewe Haddou, wako uukalie.