Kitovu Kilichosubiriwa

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tseikuru, kwenye jua kali na maziwa ya mbuzi. Dada yako alijifungua Jumatatu, mimba ikiwa ya miezi saba tu. Mtoto alikuwa mdogo na kimya, nikadhani tunampoteza. Nilimsihi mkunga akate kitovu upesi.

"We msomi, ngoja," akasema. "Bado kinapiga. Ungependa kunyang'anywa sahani ukiwa unakula?"

Akanishikisha. Kilidunda kidoleni mwangu, polepole, hadi kikatulia. Ndipo akakata, na mtoto akalia kidogo.

Jana akina mama wa kanisa walikuja kushukuru. Mtoto alilia kwa nguvu mpaka mama aliyekuwa akiomba akashindwa kuendelea, na hakuna aliyemnyamazisha.

Mungu akutunze, Mama. Nakukumbuka kila siku.

Mwanao,
Mwende