Karatasi Nyekundu za Boaz

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimeona bango leo kwenye ukuta wa kanisa, hapa Gitothua. "Gurudumu la Boaz." Picha yake kubwa, meno yote nje. Na mkononi — gurudumu la Kyalo!

Vipande kumi na viwili vya karatasi, vimepachikana bila gundi. Ukisukuma katikati, lote linajipindua na sura nyingine inatokea. Mume wangu alitafuta namna ya kulikunja miaka miwili, kwenye meza hii hii. Bado ina duara la kikombe chake cha chai. Miezi saba tangu tumzike Matuu, na kazi yake imeshapata baba mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Boaz amekuja, na mkate mkononi. Walikuwa na Kyalo kwenye kiwanda kimoja cha kuchapisha vitabu, Thika. Wakati wa mazishi alibeba jeneza.

Akasema, shem, wewe ndiye ulikuwa unamkatia Kyalo karatasi, nikatie na mimi. Jumamosi ya wiki ijayo watu wa chuo wanakuja kutoka Juja. Wakipenda, watamchukua akafundishe.

Nikamuuliza mbona bango lina jina lake peke yake. Akacheka kweli kweli.

"Shem! Marehemu hahitaji bango. Ni mimi nitasimama pale mbele."

Nikamwambia sawa, nitakukatia. Akaniita dada.

Marehemu hahitaji bango. Nimeandika ili nisisahau.

Ijumaa, 7 Machi

Thika, kununua karatasi. Mwenye duka, mzee Mburu, hajanisahau. Akauliza, "Mama, leo ni ya maua ama ya mashine?" Vitu vya Kyalo vya kugeukageuka aliviita mashine. Nikasema ya mashine.

Akatoa ile nzuri, ambayo rangi imepenya hadi ndani. Nikairudisha. Nikaomba nyekundu ya kung'aa, ile yenye rangi juu tu, ndani nyeupe.

"Hii? Ikipasuka kidogo tu inaonekana hadi barabarani. Bwana yako alikuwa anaitukana."

Alikuwa anaitukana, ndiyo. Nikamwambia nipatie hiyo hiyo.

Jumatatu, 10 Machi

Karatasi ina nyuzi kama ubao. Hazionekani. Kyalo alinifundisha kuzitafuta. Chana kipande: upande mmoja kinachanika sawa, upande wa pili kinaenda kombokombo. Au lowesha kidole upitishe, nayo itajikunja yenyewe kufuata nyuzi. Mkunjo unaofanya kazi ya bawaba lazima uende na nyuzi. Mkunjo ukizikata, kila gurudumu likigeuka zinavunjika kidogo, na kidogo tena.

Boaz hajui hayo. Miaka yote alipokuja kukunja na Kyalo alikuta miraba iko tayari, na kwenye ukingo mmoja nukta ndogo ya penseli. Nukta yangu. Ilimwonyesha Kyalo bawaba ianzie wapi. Boaz anajua kufuata nukta, basi.

Nimemkatia vizuri. Kingo safi, pembe sawa. Nukta tu ndizo nimehamisha, hadi ukingo wa pembeni yake, zote kumi na mbili, ili kila bawaba ikate nyuzi.

Kwanza nilitengeneza langu la kujaribu. Mara ya ishirini na sita — ufa mweupe, kama chaki. Mara ya thelathini na moja likaachana lote, vipande vikanimwagikia mapajani. Nikacheka. Kicheko ambacho Kyalo hakuwahi kukisikia kwangu.

Alhamisi, 13 Machi

Boaz amepiga simu. Limekamilika, amelijaribu mara kumi, linateleza kama mrenda! Nikamwambia usilichoshe, liweke kwenye boksi hadi siku yenyewe. Akasema asante dada, una roho nzuri.

Kumi.

Kyalo alikuwa akikosea mkunjo anaiomba karatasi msamaha. "Pole, mama." Mimi simwombi mtu.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa ukumbini, benchi la nyuma, daftari kwenye magoti. Pamejaa. Wale wa Juja wako upande wa dirisha, wana kamera.

Mwaitu yuko hapa! Mama yake Kyalo, kiti cha mbele kabisa. Sikujua. Boaz alimtumia gari hadi Matuu. Nilipomsalimia akanishika mkono, hakuuachilia. "Boaz ameniambia nitaona kazi ya mtoto wangu, Ngina." Amevaa kitambaa kipya cha kichwa, alama za mikunjo ya dukani bado ziko.

Boaz ameanza. Anasema wazo lilimjia siku moja akiwa ananyoa ndevu. Akiwa ananyoa ndevu! Kwa Kiingereza, kwa ajili ya wale wa Juja. Mwaitu haelewi, anapiga makofi.

Analigeuza. Nahesabu pamoja na yale kumi. Kumi na tano. Ishirini. Mwanamke wa kamera anasema geuza tena, polepole. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Haya, Boaz. Mbili tu.

Amesimama. Analishika juu, jekundu, linang'aa. Sasa anaongea Kiswahili. Anasema kuna mgeni wa heshima, mama wa rafiki yake marehemu, na huyo ndiye ataligeuza sasa, hadi achoke mwenyewe.

Watu wanashangilia. Mwaitu amesimama. Amelipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga, hajui ashike wapi. Boaz anamwonyesha pa kusukuma.

Likiachana litaachana mikononi mwake. Ataamini ni yeye.

Naweza kupaza sauti. Nikisema liacheni, Boaz atauliza kwa nini, na mimi ndiye ninayejua kwa nini.

Mwaitu amegeuka, ananitafuta kwa macho. Ananiita kwa mkono. Anataka nikamshikie kiondo ili atumie mikono yote miwili. "Dada, njoo," Boaz naye anaita, "usitucheleweshe!" Watu wananifungulia njia. Mwaitu ananisubiri. Bado hajasukuma.