Jino la Juu

Jumatatu, 2 Juni 1958

Jino! Mwanangu ana jino! Nimelisikia likigonga kijiko cha uji asubuhi, kli! Na miezi mitano hajamaliza. Mtoto wa Mama Akinyi hapo mlango wa pili ana miezi minane, kinywa kitupu kama kikombe. Nimecheka tu, kwa sauti.

Nimeandika barua papo hapo kwa wakwe zangu, Upare: mjukuu wenu ana jino, njoni mlione, mtoe jina. Nimekimbia posta mwenyewe, mtoto mgongoni. Watu wa Nakuru wamenitazama. Watazame.

Jumanne, 3 Juni

Jino ni la juu.

Jana sikutia kidole. Furaha ilinifikisha posta kabla ya akili. Leo nimemfungua kinywa mlangoni penye mwanga. Chini fizi tupu. Juu, jeupe, kama punje ya mchele.

Kwetu mtoto anayeanza na la juu ni kigego. Zamani hakulelewa. Siandiki zaidi. Siku hizi tumebatizwa, hakuna anayethubutu, lakini wazee hawampakati na jina la ukoo hapewi. Lazima bibi yake aguse jino la chini kwa kidole chake, ndipo babu atoe jina. Wangu alikuwa awe Mkwizu, kama babu yake.

Barua iko kwenye treni.

Alhamisi, 5 Juni

Udenda. Joto. Kuhara. Ananiuma titi mpaka tunalia wote wawili. Nimempa karoti ya mashamba ya Dundori, nimeilaza kwenye maji ya baridi, atafune. Nasugua fizi ya chini asubuhi na mchana. Toka. Toka basi. Halitoki.

Baba yake akirudi kutoka karakana ya reli huwa haongei. Leo ameongea: "Waandikie umekosea, jino bado. Wasije mpaka la chini litoke."

Hajakasirika. Afadhali angekasirika. Aliyejisifu ni mimi.

Mwaka wa pili huu niko nchi ya watu. Sijamtamani mama yangu kama leo.

Jumamosi, 7 Juni

Upepo, na vumbi jeupe la ziwa. Nguo zote za landi, nyumba hizi za reli, zimechafuka kwenye kamba, wanawake wote tumerudi bombani. Nimefua karibu na Mama Akinyi. Ni Mjaluo, mtu mzima, watoto sita. Mtoto wangu nilimfunika mdomo kwa kitambaa.

"Huyo unamficha nini, dada? Umeiba?"

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini. Alicheka mpaka sabuni ikamponyoka.

"Yaani unalilia meno ya chini? Tazama hapa." Akafungua kinywa. Meno sita ya chini hayapo. Siku zote nilidhani yameondoka kwa uzazi. "Sisi tuling'olewa tukiwa wasichana. Bila hivyo wewe si mtu. Huyu wako mlete kwetu! Watasema huyu amekuja na akili zake, ya chini ameyaacha huko huko."

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikasuuza shuka moja muda mrefu sana. Kwao yanang'olewa ili uwe mtu. Kwetu yakichelewa si mtu. Meno yale yale. Na mwanangu hajui ya juu wala ya chini, anajua titi.

Jumapili, 8 Juni

Baba yake amenunua karatasi niandike ule uongo. Nimeandika hivi: Jino ni la juu. Ni zuri. Mtoto ana nguvu kuliko watoto wote wa landi. Kama hamtampakata, msije, jina nitamtafutia mwenyewe.

Nimesoma hadi darasa la nne tu, lakini hiyo niliandika bila kufuta hata neno.

Nimemsomea. Ameivuta kutoka mkononi mwangu. Nikajua ataichana. Akachukua kalamu, akatia jina lake chini ya langu.

Ijumaa, 20 Juni

Siku kumi na mbili, hakuna barua. Mchana ninajivuna bombani. Nikibaki peke yangu na sufuria, naogopa.

La chini bado. La juu la pili linachungulia. Huyu mtoto hana haya.

Jumanne, 24 Juni

Barua imekuja. Mwandiko wa mwalimu, maneno ya Mzee Mkwizu. Mistari mitatu tu. Bibi wa mtoto alilia siku mbili, siku ya tatu akaanza kusuka kikapu cha safari. Jina ni lile lile. Tunakuja wote, na shangazi yake.

Nimeisoma mara nne. Baba yake mara moja, kisha akatoka nje akasimama.

Mama Akinyi ataniazima kitanda. Amesema yeye atakuwa wa kwanza kumsalimu bibi, tena kwa kucheka, meno nje.

Mkwizu amelala mdomo wazi. Sikumfunika.

Treni yao inaingia Jumamosi, tarehe tano Julai.