Tundu la Upande wa Kobia

Jumatatu, 3 Februari
Nimepangusa jasho kwenye maiki tena. Ni jasho la mzee Ntongai, aliyekuja kurekodi nyimbo zake tatu na akazirai katikati ya ubeti wa pili. Tulimtoa nje tukamlaza chini ya mparachichi. Alipofungua macho akauliza kama sauti imeshika. Imeshika hadi pale alipoanguka.

Studio hii ni mabati juu, mabati pembeni, ndani trei za mayai na sponji za godoro. Haina dirisha. Nikiweka dirisha, kila wimbo utakuwa na kuku ndani yake. Februari ya hapa mjini Maua, chini ya mabati, ni tanuri.

Kwaya ya akina mama wa Kiirua inakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mwenyekiti wao ameniambia waziwazi kwa simu: wakipikwa kama mwaka jana, wanaondoka kwenda studio ya Meru mjini, ile ya karibu na Gakoromone. Hiyo kwaya ikienda, na nyingine zitaifuata. Nitarudi kuuza mitumba. Sitaki.

Alhamisi, 6 Februari
Fundi wa sola amefika. Njeru, mtu wa kwetu Mbeere, upara unang'aa kuliko paneli yake. Nimemwita kwa makusudi. Miaka yote hii nimeolewa huku na bado naitwa "muka wa Mbeere", mke wa kutoka Mbeere. Nilitaka nisikie Kimbeere hapa uani japo kwa siku chache.

Paneli iko juu ya paa. Feni inavuta hewa ya moto kutoka ndani na kuitoa nje kupitia sanduku la mbao lenye kona kona, limejazwa sponji. Hewa inapita, sauti inabaki. Hakuna betri. Jua likiwaka feni inazunguka, wingu likija inapunguza.

Tundu tumelikata ukuta wa nyuma. Kuta za pembeni zimejaa magodoro na nyaya. Ukuta wa mbele unatazama dirisha la jiko langu. Nyuma kuna ua tu, na ng'ambo ya ua ni kwa Kobia, kaka mkubwa wa mume wangu. Sikumuuliza. Ukuta ni wangu.

Jumamosi, 8 Februari
Feni imewashwa. Nimekaa ndani na mlango umefungwa, nimeimba peke yangu mpaka nikachoka, na shingo yangu ilikuwa kavu. Nimefurahi kama mtoto aliyepewa soda.

Furaha imekatizwa na kelele. Kobia kwenye ua. Anasema tundu langu linapuliza kibanda chake cha kufungia miraa na majani yananyauka kabla pikapu haijafika. Nimechungulia. Nimeona miraa kijani kabisa, na uso wake mchungu kama kawaida. Huyu mtu alilalamika hata nilipofunga mbwa.

Jumatatu, 10 Februari
Asubuhi nimekuta tundu limezibwa kwa vipande vya mgomba. Nimevitoa nikavirusha kwake. Saa nne vimerudi. Nimevirusha tena, na kimoja kimeangukia sufuria ya chai ya wafungaji wake. Wamecheka. Yeye hakucheka.

Mutuma, huyu mume wangu, amerudi na pikapu kutoka kupeleka miraa Nairobi, macho mekundu. Nimemweleza. Akasema kaka ni kaka, nimwache. Nimemwambia basi akalale kwa kaka. Amelala papo hapo kwenye kochi, viatu mguuni.

Jumanne, 11 Februari
Kobia kimya kutwa nzima. Kimya kingi kina mshindo. Simwamini hata anapopiga chafya.

Jumatano, 12 Februari
Nimekosea, Kobia ana haya. Asubuhi mke wake, mama Karimi, amekuja na bunda la miraa. Limefungwa vizuri kwa jani la mgomba, kamba imezungushwa kwa uangalifu. Amenipa kwa mikono miwili. Akasema, "Baba Karimi amesema nikupatie." Basi. Akasimama kidogo kama anangoja kitu, kisha akaenda.

Nikajua ni msamaha. Mwanamume wa hapa hawezi kusema pole kwa mdomo, anatuma miraa. Nimempelekea Njeru aliyekuwa juu ya paa akikaza nyaya. Ametafuna hadi mchana, anasifu, anasema muguka, miraa ya kwetu Mbeere, hauna utamu huu. Nami nimetafuna vijiti viwili, kwa ushindi. Jani la mgomba tumempa mbuzi.

Alhamisi, 13 Februari
Ninaandika kwa hasira.

Jioni Kobia amekuja na wazee wawili wa ukoo, wamevaa makoti. Nimewawekea viti na chai. Wameuliza bunda liko wapi. Nikasema lilikuwa tamu, ahsanteni. Wametazamana.

Kumbe bunda lililofungwa namna ile si zawadi. Ni ombi. Ukilipokea unauliza linaomba nini. Hutaki, unalirudisha lilivyo, kamba haijaguswa. Ukilitafuna umekubali, na ukishakubali mambo yamekwisha. Kobia alikuwa anaomba tundu lizibwe. Mama Karimi alisimama pale akingoja niulize. Nami nikadhani anasubiri sukari.

Nimesema hakuna aliyeniambia. Mzee mmoja akanijibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hiyo nimewafundisha watoto wa Sunday school, leo nimeichukia.

Kobia aliongea polepole, bila kelele hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

"Mama Kendi, wewe ulikula hiyo kitu. Na mimi sikukulazimisha. Huko kwenu mnakulanga tu, hapa tunaulizananga kwanza."

Nikamgeukia Mutuma. Yeye amezaliwa ndani ya desturi hii, angesema kwamba sikujua. Alitazama kikombe chake. Akasema, "Lakini si ulikula."

Si ulikula. Maneno hayo tu. Sijaongea naye tangu hapo. Chakula nimemwachia jikoni kimefunikwa, bila kijiko.

Ijumaa, 14 Februari
Nimepiga hesabu ya hasira yangu, haitoshi. Nikikataa, mzigo wa Mutuma unatoka kwa Kobia na binamu zake. Hakuna atakayempakia. Atakaa hapa nyumbani mchana kutwa na mimi nitakaa naye. Nikiziba tundu, kesho akina mama wa Kiirua watapikwa.

Nimemwuliza Njeru tufanyeje. Yeye naye ana aibu, ndiye aliyetafuna nyingi. Amezunguka studio akigonga kuta. Amerudi na jibu ambalo nililijua: ukuta wa mbele. Upande wa jiko langu.

Tumekata. Sanduku lote limeng'olewa na kupangwa upya, misumari mingine imepinda, ubao mmoja umepasuka tukaufunga kwa waya. Tundu la zamani limezibwa kwa bati. Msumari wa mwisho nimeupigilia mwenyewe, mara nyingi kuliko ulivyohitaji, ili Kobia asikie. Alikuwa kwenye kibanda chake. Hakuinua hata kichwa.

Namchukia. Neno hilo naliandika hapa ili nisiliseme kanisani.

Jumamosi, 15 Februari
Wamekuja, sare za samawati, matumbo yamejaa chapati. Jua lilikuwa kali, na jua kali ndilo chakula cha feni yangu. Wimbo baada ya wimbo. Soprano mmoja mnene niliyekuwa nikimwogopea kuliko wote aliomba sweta. Sweta! Nilitamani kumbusu.

Hakuna aliyeanguka. Mwenyekiti amesema watarudi kwa nyimbo zilizobaki, na atawaambia wenzao wa Timau. Studio imesimama.

Mchana wote, kwenye kila kituo kati ya nyimbo, nilimsikia Kobia ng'ambo akipiga mluzi akifunga miraa yake. Mluzi wa mtu aliyeshinda kesi. Mutuma amepita akasema kazi imekuwa nzuri. Nimemjibu "ehe". Ndilo neno la kwanza tangu Alhamisi na sikulipenda likitoka.

Jumapili, 16 Februari
Kanisani nimekaa safu ya nyuma ili nisimpe Kobia mkono wa amani. Amenifuata mpaka nyuma akanipa. Watu wanaona. Nimeushika mkono wake. Mkavu, mgumu, una harufu ya mgomba.

Jumanne, 18 Februari
Leo vijana wa kanisa la chini wamekodi studio kutwa. Siwahitaji wala hawanihitaji, wana mtu wao wa mitambo. Nimebaki jikoni.

Asubuhi nilichuma kunde za mboga shambani, changa, bado zina umande. Nikaziweka mezani chini ya dirisha, nikaenda kukamua na kuchota maji. Nikachelewa kidogo kwa kuongea na jirani. Jua lilikuwa limepanda na feni inazunguka kwa nguvu zake zote.

Niliporudi kunde zilikuwa zimelala. Nimezishika, laini kama kitambaa cha zamani. Nimezinyunyizia maji, hazikuamka. Nikasimama pale dirishani. Hewa ya tundu ilinipiga usoni, ya moto, ina pumzi za watu na harufu ya godoro. Haikomi. Unasogea hatua moja, inakufuata.

Nikajaribu kufikiria miraa, jani jembamba vile, imetandazwa hapo tangu alfajiri.

Kobia hakuwa anadanganya. Sitamwambia.

Kunde nimempa ng'ombe. Mutuma amekula ugali na maziwa, na hakuuliza mboga iko wapi. Kijiko nilimwekea.