Hisa Mbili kwa Ng'ombe Mmoja

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla ya mnada wa mwezi ujao, maana siku hiyo mume wangu Sebastiani anamtoa ng'ombe wetu wa maziwa, naye ni mmoja tu, ili tupewe hisa mbili za kampuni ya mifugo ya Bwana Hamis, mfanyabiashara wa Katesh, na mimi nina mtoto wa miezi tisa, Angela, maziwa yangu yamepungua, nimechoka hata barua hii naiandika kwa vipande.

Kampuni ina hisa themanini na lori moja. Sebastiani anasema bei ni halali kabisa, kwa kuwa kampuni ina ng'ombe arobaini katika boma la mzee Gidahosh kule Mogitu, ambaye aliingia kampuni na ng'ombe wake. "Mama Angela, piga hesabu mwenyewe. Natoa mmoja, napata mmoja, na kipande cha lori juu yake. Hasara iko wapi?" Mimi nilisoma hadi darasa la nne, nikapiga, ikatoka hivyo hivyo.

Tukaenda na Bwana Hamis kuwaona ng'ombe hao, kwa lori lenyewe. Ni arobaini kweli, niliwahesabu mara mbili. Lakini mmoja, mweusi mwenye baka jeupe usoni, alinijia akanilamba mkono, na Bwana Hamis akacheka, "Umeona, shemeji? Hata ng'ombe wanamjua mwenye hisa!" Mshauri, huyo ni ng'ombe wa baba yangu, nimemkamua miaka mitatu kabla sijaolewa, na nyuma yake walikuwepo wengine wanne wa baba. Unajua desturi ya huku, mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunzie, mtunzaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe, na jambo hilo halitangazwi. Sasa kama wa baba wamo, wa watu wengine je?

Nikisema, Sebastiani atauliza hao watano wametoka wapi, maana baba amemwambia siku zote kwamba ana ng'ombe wawili tu, na kila mavuno mume wangu humpelekea gunia la mahindi kwa huruma. Nikinyamaza, Angela hana maziwa. Nampenda mume wangu, na baba pia. Nifanye nini?

Mama Angela, Endagikot

JIBU

Mama Angela, pole kwa uchovu. Umehesabu vizuri kuliko wenye kampuni, halafu ukanyamaza. Hapo nakugombeza.

Bwana Hamis si lazima awe mwongo. Aliuliza boma lina ng'ombe wangapi, akajibiwa kweli. Hakuuliza ni wa nani, na mzee Gidahosh hakuona sababu ya kumtajia siri za watu. Kwa hiyo bei ya hisa imepangwa juu ya mali ya wengine. Wakiondolewa wa kutunziwa, wakabaki tuseme kumi, hisa zenu mbili ni robo ya ng'ombe, yaani mguu mmoja, na mguu haukamuliwi.

Nenda kwa baba yako wewe mwenyewe, mtoto mgongoni. Mwamkie kwa heshima, kisha mwambie: "Baba, ng'ombe wako wanauzwa vipande vipande Mogitu. Mwambie mkweo, au nitamwambia mimi." Mpe siku saba. Usimpigie kelele, lakini usiondoke bila jibu. Sebastiani atakasirika. Mwache, ana haki ya kukasirika, tena hasira hiyo itapita mapema kuliko njaa ya mtoto.

Kisha mumeo amtake Bwana Hamis aitishe siku moja, kila mwenye ng'ombe aje amtoe wake mbele ya wanahisa wote. Watakaobaki ndio wa kampuni. Hao wagawanywe kwa hisa themanini, pamoja na lori, na hiyo ndiyo bei halali, mnunue au msinunue.

Kabla ya siku hiyo ng'ombe wenu asitoke nyumbani. Sebastiani akija kumfungua kamba, usibishane naye. Ngoja Angela alie njaa, mpe baba yake ambebe, wewe chukua kibuyu uende mtoni kuchota maji. Na usiharakishe kurudi.